Kwa nini mzee anapaki mteremkoni

Najua nimepotea karibu mwezi na nusu, na wengine mmenitumia meseji mkiuliza kama nimedisko. Sijadisko jamani, acheni uchuro. Nilikuwa nyumbani Tukuyu baada ya UE, nikaenda PT, na sasa nimerudi Mabibo kwenye joto na foleni yetu ya maji. Nina stori moja nimekaa nayo muda, sikujua niianzie wapi. Leo umeme umekatika, laptopu ina chaji ya saa moja, acha niimwage yote.

Ni stori ya betri iliyokufa. Msicheke kwanza.

Kwa ambao hawapajui kwetu, ukitoka Mbeya mjini unafika Uyole, unakata kulia kushika barabara ya Kyela. Unapanda mpaka baridi la Isongole likuingie kwenye mifupa, unashuka Kiwira, unapanda tena, unapita Katumba ndo unaingia Tukuyu. Kwetu si mjini, ni ndani kidogo, njia inayotoka Katumba kuelekea Mwakaleli. Huko hakuna tambarare. Kama sio chai ni migomba, kama sio migomba ni miparachichi, na vyote vimesimama kwenye kilima. Mvua nayo haina kalenda. Watu wa Dar mkisema kiangazi, sisi tunavaa koti na manyunyu yanaendelea.

Mzee wangu ana Hilux pikapu ya zamani, ya petroli, yenye kabureta na gia za mkono. Ndiyo iliyotusomesha. Imebeba ndizi, imebeba maziwa, imebeba maharusi na imebeba majeneza. Tangu niko sekondari sijawahi kuiona ikiwa na betri nzima. Mzee ananunua betri iliyotumika, inamvusha miezi kadhaa, halafu inaanza kulegea, na yeye wala hashtuki. Juu ya nyumba, karibu na barabara, kuna mparachichi mkubwa, na pale uwanja unainama kuelekea barabarani. Hapo ndo kituo cha Hilux miaka yote. Anaipaki pua ikiangalia chini, anaweka jiwe tairi la mbele, anaingia ndani kula. Asubuhi anatoa jiwe, anaruka kwenye usukani, gari inaanza kuteremka taratibu, gia namba mbili, anaachia klachi, gari inashtuka kama mtu aliyemwagiwa maji, pruuu, imewaka. Anakwenda zake.

Nikimwambia mzee nunua betri mpya ananijibu, "Betri ya nini wakati Mungu ametupa mteremko?"

Kusema kweli mimi nilikuwa naona aibu. Nasoma uhandisi wa umeme CoET, mwaka wa pili, halafu kwetu gari inawashwa kwa jiwe. Washikaji wa Katumba walikuwa wananitania kwamba gari yetu inatumia mafuta na kilima.

Sasa likizo hii dada yangu alikuja nyumbani kujifungulia. Ni mimba ya pili. Ya kwanza alifanyiwa upasuaji, kwa hiyo kwenye kadi yake ya kliniki waliandika wazi kwamba ajifungulie hospitali. Mpango ukawa tarehe zikikaribia ahamie kwa shangazi Tukuyu mjini, karibu na hospitali ya wilaya, Makandana. Shemeji naye akaja kutoka Dar na Noah yake, otomatiki, nyeupe, inang'aa. Alifika Jumamosi jioni. Siku hiyo mzee alikuwa Kyela msibani na gari kaniachia mimi.

Hapa ndo kosa langu lilipo, na nalisema mapema ili msije mkamlaumu shemeji. Ili Noah ya mgeni ikae mahali pazuri, nikaitoa Hilux pale chini ya mparachichi. Nikaiteremsha uwanjani, nikaipeleka mpaka nyuma, pua karibu iguse ukuta wa jiko. Nilikuwa najua kabisa betri imelala. Lakini nilijiambia kesho vijana wapo, tutasukuma. Na ukweli mwingine, sikutaka shemeji aamke asubuhi aone tunatoa jiwe tairini.

Usiku tumekaa, shemeji kaacha milango ya Noah wazi, muziki unalia, watu watatu wanachaji simu humo humo, na taa ya ndani inawaka. Ndani ya nyumba nako tunaangalia mpira kwa betri ya sola mpaka saa tano na kitu. Tukalala.

Saa tisa usiku mama akanigongea. Alisema neno moja tu, "Amka." Mnajua zile sauti za mama ambazo huulizi kuna nini.

Dada alikuwa ameshika kitanda. Uchungu umeanza wiki mbili kabla ya tarehe. Nje manyunyu na ukungu, yaani ukinyoosha mkono vidole huvioni. Shemeji akatoka mbio na ufunguo wa Noah, akazungusha. Tik. Tik tik tik tik. Taa za dashibodi zikafifia kama mshumaa unaoisha, zikazima.

Tukampigia jamaa wa teksi Tukuyu, simu haipatikani. Tukampigia wa pili, akapokea, akasema kwa matope yale haji mpaka kuche. Bodaboda mama akakataa, na alikuwa sahihi, mtu mwenye kovu la upasuaji huwezi kumrusharusha kwenye utelezi ule. Halafu kuna jambo mpaka leo linaniuma. Ipo huduma ya M-mama, unapiga 115 bure, ni ya usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga. Usiku ule hakuna hata mmoja wetu aliyeikumbuka. Watu wanne wenye simu nzuri mkononi. Iandikeni kwenye simu zenu sasa hivi, kabla hamjaendelea kusoma.

Basi, injinia nikaingia kazini.

Wazo la kwanza, tusukume Noah. Si iko mteremkoni? Mimi, shemeji, mdogo wangu na kijana wa jirani tukaisukuma, ikaserereka vizuri mpaka barabarani, shemeji ndani anahangaika na gia. Haikukohoa hata mara moja. Ikaenda ikasimama chini kule pembeni ya mfereji, kimya. Hapo nikakumbuka nilichotakiwa kukumbuka kabla ya kusukuma. Gari ya otomatiki haina klachi ya mguu inayobana injini na magurudumu pamoja. Ndani ya gia boksi kuna klachi zinazobanwa na presha ya oili, na pampu ya hiyo oili inazungushwa na injini yenyewe. Injini ikiwa imezima hakuna presha, na bila presha magurudumu yanaweza kuzunguka mpaka Kyela na injini haina habari. Nilikuwa nimechukua mteremko wa mzee nikaupa gari isiyojua kuutumia.

Wazo la pili lilikuwa langu pia, na ni la kitoto zaidi. Nikachomoa waya wa nyumbani, ule mwembamba wa taa, nikachukua betri ya sola nikaitoa mpaka barabarani, nikaiunga kwenye betri ya Noah kwa ule waya. Shemeji akazungusha ufunguo. Sekunde tatu nyingi, waya ukaanza kunuka, plastiki ikalainika mkononi mwangu nikautupa. Starta ya gari inavuta ampea zaidi ya 100, wakati mwingine hata 200. Waya wa taa umetengenezwa kwa ajili ya taa. Hili nimelifanyia mtihani mwaka wa kwanza na nilipata B plus, wadau. B plus!

Wakati huo mama alikuwa ameshamtuma mdogo wangu kwa mzee wa jirani. Huyu babu ni dereva mstaafu, kaendesha malori ya kubeba majani ya chai na matrekta tangu ujana wake. Akaja na tochi mdomoni, koti la mvua, na kamba ndefu ya katani begani. Sikujua kamba ni ya nini. Nikadhani ni ya kuvutia Noah.

Akamsalimia mama kwanza, akamuuliza hali ya mgonjwa, kisha akanigeukia. "Injinia, gari ya baba yako iko wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidole. Akamulika tochi mpaka kwenye ukuta wa jiko. Akakaa kimya. Halafu akasema, "Nani kaitoa pale juu?"

Sikujibu, na hakurudia swali. Nawaambia ile haikuwa dakika nzuri ya maisha yangu.

Kuipandisha Hilux mpaka juu tulishindwa. Tulikuwa watu watano, uwanja umelowa, viatu vinateleza. Tukajaribu kuisukuma kinyumenyume ili niachie klachi kwenye gia ya rivasi, ikaenda hatua tatu, nikaachia, matairi yakajikokota tu kwenye tope bila kuzunguka. Ardhi yenye utelezi haina mshiko wa kuizungusha injini.

Babu akasema tutoe betri ya Hilux, tuweke ile ya sola mahali pake. Spana namba 10, nati mbili, dakika tano. Vichwa vya betri ya sola havikufanana na vya gari, akavibana kwa bolti na koleo mpaka vikakaa. Nikaingia, nikazungusha. Nguuu... nguu... ikakwama. Tukaangalia mpira mpaka saa tano, si mnakumbuka? Betri ilikuwa imechoka, na baridi la kwetu linaipunguzia betri nguvu zaidi. Betri za sola zenyewe zimetengenezwa kutoa umeme kidogo kwa muda mrefu, sio kutoa mkupuo mmoja mkubwa kama starta inavyotaka.

Nikasema, "Babu, imeshindikana. Hii nayo imekufa."

Akaniambia, "Haijafa. Washa taa."

Nikawasha. Zikawaka vizuri tu.

Ndo akanipa somo, huku anavua koti analitandika chini ili apige magoti kwenye tope. Naliandika kwa maneno yangu. Gari inataka vitu viwili kutoka kwenye betri. Cha kwanza nguvu ya kuzungusha injini, cha pili moto wa plagi. Kuzungusha kunakula umeme mwingi sana. Moto wa plagi unakula kidogo, koili ya gari kama hii inavuta ampea 3 mpaka 5 hivi. Betri iliyochoka ukiilazimisha izungushe starta, starta inanyonya kila kitu, volti zinaanguka, hata plagi zinakosa moto. Kwa hiyo muachie betri kazi ndogo, na ile kazi kubwa ifanye wewe. Ukisukuma gari unafanya hicho hicho. Mteremko nao unafanya hicho hicho.

"Baba yako halipii starta," akasema. "Inalipiwa na kilima."

Nimekaa darasani miaka miwili, hakuna aliyewahi kuniambia hivyo kwa ufupi namna ile. Wala mimi sikuwahi kuuliza.

Sasa kamba. Akaniambia niweke jeki nyuma, tairi la kulia, chini ya jeki kipande cha ubao ili isizame. Handibreki isivutwe maana hiyo inakamata matairi ya nyuma na tairi lazima lizunguke. Kwa hiyo gari inazuiwa kwa mawe tu, na babu akayakagua yote matatu yaliyobaki chini, moja moja, kwa kuyapiga teke. Mawe mbele, mawe nyuma. Tairi likanyanyuka. Gia namba tatu. Swichi imewashwa. Choki imevutwa. Mguu mbali na klachi. Akaizungushia kamba kwenye tairi raundi nne tano, bila fundo hata moja, ikitokea chini kuelekea nyuma.

Kwa wasomi wenzangu, inavyofanya kazi ni hivi. Hilux inaendeshwa na magurudumu ya nyuma, na katikati yake kuna difu inayoruhusu moja lizunguke wakati jingine limesimama. Lililoko hewani ukilivuta kwa kamba, linazungusha difu, difu inazungusha propela shafti, hiyo inazungusha gia boksi, na kwa kuwa gia imeingia na klachi imebana, injini nayo inazunguka. Ni kama kuvuta kamba ya jenereta ndogo, sema hapa jenereta ni gari.

Kabla hatujavuta akatoa masharti matatu, na nayaandika kwa sababu ndo yanayotenganisha ujanja na kifo. Moja, kamba usiizungushe mkononi, ishike tu, maana injini ikiwaka tairi linaweza kukuvuta wewe. Mbili, asiwepo mtu mbele wala nyuma ya gari, wavutaji wakae pembeni kidogo. Tatu, aliyeko ndani akisikia tu imewaka akanyage klachi papo hapo na kutoa gia, kwa sababu tairi likianguka kutoka kwenye jeki huku linazunguka, gari inaondoka na ukuta wa jiko.

Mara ya kwanza shemeji na vijana wakavuta, injini ikapiga chafya moja. Mara ya pili kamba ikateleza, wote watatu wakakaa chini kwenye tope. Hakuna aliyecheka. Kutoka ndani tulimsikia dada. Mara ya tatu ikazunguka vizuri, ikakohoa, ikanyamaza. Babu akasema nirudishe choki nusu. Akazungusha kamba tena polepole kama mtu anayefunga mzigo wa ndizi sokoni, hana haraka hata kidogo, na mimi ndani nalia kimyakimya kwa hasira zangu mwenyewe.

Mara ya nne ikawaka.

Nikakanyaga klachi, nikatoa gia, nikaishikilia mafuta kwa mguu unaotetemeka. Wakashusha jeki. Wakatandika majani na magome ya migomba chini ya matairi, nikarudi nyuma, ikapanda mpaka barabarani. Dada akakaa mbele na mama, shemeji nyuma na turubai. Mama akamwambia babu, "Ndaga fijo." Babu akajibu tu kwamba nisiizime njiani.

Ile safari ni kilomita kumi na kitu. Nimeendesha huku nikiogopa kitu kimoja tu, kuzimisha. Kila kona nashusha gia mapema, kila tope naongeza mafuta. Sikuwa nawaza presha ya oili wala volti. Nilikuwa nawaza kwamba mtu mmoja aliye pembeni yangu, na mwingine ambaye hajazaliwa, wote wanategemea mguu wangu wa kushoto.

Tulifika Makandana kabla ya saa kumi na moja. Wakampokea, wakamkimbiza ndani. Saa moja kasoro asubuhi tukaambiwa ni wa kike, kwa upasuaji tena, na wote wazima. Shemeji alikaa kwenye benchi na suruali yake ya tope akaanza kulia kama mtoto. Mimi nikatoka nje nijifanye naangalia gari.

Ndo nikaona nilivyoipaki. Pale nje nilikuwa nimeiweka pembeni, pua inaangalia chini, na tairi la mbele lina jiwe. Sikumbuki kabisa nilipoliokota lile jiwe.

Mzee alipiga simu kama saa mbili. Mama alikuwa ameshamsimulia. Hakuniuliza habari za kamba, hakusema hongera. Aliuliza, "Gari ulipaki wapi?" Nikasema, jikoni. Akakaa kimya muda, nikasikia watu wa msibani nyuma yake wanaongea. Halafu akasema, "Haya. Mpeleke mama yako akanywe chai." Na huo ndo ukawa mwisho. Wadau, afadhali angenigombeza.

Jumatatu yake nikaenda kwa yule babu na sukari kilo mbili na majani ya chai. (Ndiyo, nimempelekea chai mtu aliyebeba chai maisha yake yote. Niacheni.) Tukakaa barazani akanipa historia. Akasema wao walianza na magari yenye hendeli, kile chuma cha kupachika mbele ya injini na kuzungusha kwa mkono. Alinionyesha namna ya kukishika, dole gumba likae upande mmoja na vidole vingine, usilizungushie kwenye chuma, kwa sababu injini ikirudi nyuma ghafla inavunja dole au mkono. Anasema dereva mpya ulikuwa unamjua kwa bandeji.

Nimerudi chuo nikasoma kidogo. Starta ya umeme iliingia kwenye magari ya Cadillac ya mwaka 1912, kazi ya mhandisi Mmarekani Charles Kettering, na sababu kubwa ilikuwa hiyo hiyo ya mikono ya watu. Land Rover za zamani ziliendelea kuwa na tundu la hendeli miaka mingi baadaye, kwa ajili ya sehemu kama kwetu. Kisha hendeli ikaondoka. Sasa na klachi ya mguu nayo inaondoka, maana gari nyingi zinazoingia ni otomatiki. Sisemi ni mbaya. Lakini kila kimoja kikiondoka, njia moja ya kujiokoa inaondoka nacho, na hakuna anayekutangazia siku unaponunua gari.

Kwa hiyo wenye magari, na nyie mtakaonunua mkipata ajira (bumu halinunui gari, tusidanganyane), haya ndo niliyojifunza, mengine kwa babu na mengine kwa aibu:

Kwanza angalia vichwa vya betri kabla hujaita mtu. Ukiona unga mweupe au wa kijani, fungua, mwagia maji ya moto kidogo, kwangua, funga tena kwa nguvu. Mara nyingi betri haijafa, haijashikana tu. Betri nzima ikipumzika inasoma karibu volti 12.6. Ikishuka mpaka 12 au chini, hiyo imeisha chaji.

Gari ya gia za mkono sukuma. Swichi iwe imewashwa, gia namba mbili, klachi imekanyagwa, ikishika mwendo wa mtu anayekimbia taratibu achia klachi ghafla, ikiwaka kanyaga tena. Lakini betri ikiwa imekufa kabisa, haina hata taa, usijichoshe. Plagi hazitapata moto, na gari za kisasa zenye pampu ya mafuta ya umeme na kompyuta ndo kabisa.

Otomatiki usisukume. Tafuta waya nene za kubusti na gari nyingine. Chanya ya iliyokufa, kisha chanya ya nzima, kisha hasi ya nzima, na mwisho hasi unaibana kwenye chuma cha injini ya iliyokufa, mbali na betri yenyewe, kwa sababu betri inatoa hewa ya haidrojeni na cheche ikiwa karibu inaweza kulipuka. Kutoa, rudi kinyume chake.

Usichomoe betri injini ikiwa inaunguruma ili ukawashie gari nyingine. Najua mmeona mafundi wanafanya. Altaneta bila betri inaweza kurusha volti kubwa ikaunguza yenyewe na vifaa vingine, na gari za sasa zimejaa vifaa hivyo.

Kamba ni ya siku ambayo hakuna kingine. Usifanye peke yako, na usifanye bila mtu aliyewahi kuifanya. Sisi tulikuwa na babu.

Na la mwisho halihitaji spana. Ukifika mahali, kabla hujazima gari, angalia ardhi imeinamia wapi.

Mzee bado hajanunua betri mpya. Safari hii hela nilikuwa nayo kidogo, nilibakiza kwenye bumu, nikampa nusu akamalizie. Akaipokea, akashukuru, akaenda kuinunulia nepi na mafuta ya mtoto. Mimi kabla ya kupanda basi nikaenda kuiangalia Hilux mara ya mwisho. Ipo chini ya mparachichi, pua barabarani. Jiwe lilikuwa limekaa kidogo upande, nikalisogeza likakaa sawa.

Chaji imebaki asilimia nane. Nawatakia wiki njema, na wale wa CoET tukutane library kesho, nina maswali ya kuuliza ambayo zamani nilikuwa naona haya kuyauliza.